Kiti cha Kocha Hakihamishiki

Leo tuzungumze kuhusu makocha, tena makocha wa aina moja tu: wale wa vyuo vikuu vya Marekani wanaoshinda kila kinachoshindaniwa chuoni, ligi ya kulipwa ikawaita, wakaenda kwa shangwe, na wengi wao wakarudi kabla mkataba haujafika nusu.

Tuanze na aliyekataa kwenda. Juni 2024 klabu ya kikapu ya Los Angeles Lakers ilimwekea mezani Dan Hurley dola milioni 70 kwa miaka 6. Hurley ni kocha wa Chuo Kikuu cha Connecticut, na wakati ule alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Msikilizaji wa Dar es Salaam anakijua chuo hicho hata kama jina la Hurley ni geni kwake, maana ndiko alikocheza Hasheem Thabeet kabla Memphis Grizzlies hawajamchukua mwaka 2009, akiwa wa pili kuchaguliwa kati ya vijana wote wa mwaka ule. Basi Hurley akapanda ndege hadi Los Angeles, akasikiliza, akarudi nyumbani, na tarehe 10 Juni akasema hapana. Lakers wakamchukua JJ Redick, mchezaji mstaafu ambaye hakuwahi kukalia benchi la ufundi la timu yoyote ya kulipwa. Mwezi uliofuata Connecticut wakampa Hurley mkataba mpya wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 50.

Watu walishangaa. Mtu anaachaje Lakers, na LeBron James, na fedha zote zile? Mimi sikushangaa sana, kwa sababu orodha ya makocha waliokubali mwito wa namna hiyo inatisha. Na ukiisoma orodha hiyo kwa makini utaona kwamba si orodha ya wajinga. Ni orodha ya mafundi hasa. Sasa fundi anashindwaje kazi ileile aliyokuwa akiifanya jana?

Kwanza tuondoe wazo kwamba kocha wa chuo ni mtu wa chini anayesubiri kupandishwa daraja. Futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, inapendwa vyuoni kuliko tunavyoweza kudhani tukiwa huku. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, pale Ann Arbor, unachukua zaidi ya watu 107,000, na hakuna klabu hata moja ya ligi ya kulipwa, NFL, yenye uwanja unaofikia hapo. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana, wala si jaji, wala si mkuu wa chuo. Ni kocha wa chuo cha serikali, wa futiboli au wa kikapu. Nick Saban alipostaafu Alabama Januari 2024 alikuwa akipokea zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka, na sanamu yake ilikuwa imesimama nje ya uwanja tangu 2011. Mcheza kwao hutunzwa, na Alabama walimtunza.

Basi kama si njaa, wanafuata nini? Sababu ya kwanza ni ya kila fundi: kutaka kujipima na walio bora kabisa. Sababu ya pili haisemwi sana hadharani, nayo ni uchovu. Kocha wa chuo hamalizi kazi kipenga cha mwisho kinapolia. Usiku anamtumia ujumbe kijana wa miaka 17, kesho yuko sebuleni kwa wazazi wake, anasifu chakula cha mama, anaahidi kwamba mtoto atasoma na atacheza. Mwaka ukiisha anaanza upya na kijana mwingine. Mtu mzima mwenye vikombe kabatini anambembeleza mtoto ambaye hajamaliza sekondari. Ligi ya kulipwa inamwambia: njoo huku, hakuna kubembeleza mtu, wachezaji wanaletwa kwa mkataba.

Inavutia, sivyo? Lakini kule kubembeleza ndiko kulikokuwa mtaji wake wote.

Sikiliza hesabu hii. Katika ligi ya kulipwa wachezaji vijana hugawanywa kwa utaratibu unaoitwa drafti. Kila klabu ina zamu yake ya kuchagua, na waliofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndio wanaotangulia, ingawa NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu, hupanga nafasi za juu kwa bahati nasibu. Juu ya hapo kuna kikomo cha mishahara, ili tajiri asiwanunue wote. Ligi imetengenezwa makusudi ili vipaji visilundikane mahali pamoja. Sasa, Aprili 2021 raundi ya kwanza ya drafti ya NFL ilikuwa na nafasi 32, na nafasi 6 kati ya hizo zilikwenda kwa vijana waliotoka chuo kimoja, Alabama ya Saban. Yaani msimu mmoja kabla, Saban alikuwa na kikosi chenye vijana 6 wa daraja ambalo klabu ya kulipwa, kwa utaratibu wa kawaida, hupata mmoja kwa mwaka. Alabama ilicheza mechi 13 msimu ule na kushinda zote 13. Simpunguzii Saban sifa, kwani kuwakusanya vijana wale ni kazi na yeye aliifanya kuliko yeyote. Nasema tu kwamba ushindi wa mechi zile ulipatikana sebuleni kwa wazazi, muda mrefu kabla ya kuchezwa.

Huo ni mtaji wa kwanza, wingi wa vipaji. Mtaji wa pili ni utii. Chuoni kocha ndiye anayeamua nani apewe ufadhili wa masomo, ndiye anayepanga nani acheze, na klabu za kulipwa zikitaka kuijua tabia ya kijana humuuliza yeye. Tena kwa miaka mingi mchezaji wa futiboli au wa kikapu aliyehama chuo alilazimika kukaa nje msimu mzima kabla ya kucheza kule alikohamia. Kijana wa miaka 19 aliyeshikwa hivyo hambishii kocha. Sasa mpeleke kocha huyohuyo mbele ya mwanamume wa miaka 31, mwenye mke na watoto, mwenye mkataba wa mamilioni, aliyekwisha kuona makocha watatu wakija na kufungashiwa virago. Huyu anajua jambo moja ambalo kocha mgeni bado hajalijua: klabu ikianza kuboronga, wa kwanza kutimuliwa si mchezaji.

Ndiyo maana nasema kiti hakihamishiki. Mtu huhama na akili yake, na mbinu zake, hata na wasaidizi wake. Vile vipaji vilivyolundikana na ule utii vinabaki chuoni, vinamsubiri mtu mwingine aje akalie kiti.

Tumtazame Saban mwenyewe, maana naye aliwahi kwenda. Kabla ya Alabama alikuwa Chuo Kikuu cha Louisiana State, akatwaa ubingwa wa msimu wa 2003. Mwisho wa 2004 Miami Dolphins wakamchukua na kumpa madaraka makubwa juu ya kikosi. Machi 2006 klabu ilikuwa inatafuta mrusha mpira mkuu, yule wanayemwita kwotabeki, mtu ambaye timu nzima humtegemea. Sokoni kulikuwa na wawili: Drew Brees, aliyekuwa ametoka kuumia bega vibaya, na Daunte Culpepper, aliyekuwa akijiuguza goti. Madaktari wa klabu hawakuridhika na bega la Brees. Dolphins wakamchukua Culpepper. Culpepper akacheza mechi 4 tu msimu ule. Brees akaenda New Orleans, na Februari 2010 akainua kombe la Super Bowl, yaani ubingwa wa NFL.

Sasa fikiria kosa hilo likitokea chuoni. Kijana uliyemsajili akikosea, nyuma yake umesajili wawili wengine, na mwakani unaongeza. Katika ligi yenye klabu 32 na warushaji wa kiwango cha juu wanaohesabika, ukikosa mmoja umekosa. Saban alimaliza miaka 2 Miami akiwa ameshinda mechi 15 na kufungwa 17. Tarehe 21 Desemba 2006 aliwaambia waandishi waziwazi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Tarehe 3 Januari 2007 akawa kocha wa Alabama, kwa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 32. Miami hawakumsamehe kauli ile. Alabama walipata ubingwa mara 6.

Kwenye kikapu kisa kinachofanana na hicho ni cha Rick Pitino. Mwaka 1996 aliipa Kentucky ubingwa kwa kikosi ambacho wachezaji wake 9 walikuja kucheza NBA. Tisa, msikilizaji, na uwanjani husimama watano. Mwaka uliofuata Boston Celtics wakampa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 70, wakamfanya kocha na rais wa klabu kwa pamoja. Celtics walikuwa wametoka kushinda mechi 15 na kufungwa 67, na kwa ubovu huo, pamoja na nafasi nyingine waliyokuwa wameipata kutoka klabu ya Dallas, walikuwa na zaidi ya theluthi moja ya bahati ya kupata nafasi ya kwanza ya drafti. Mwaka ule nafasi ya kwanza ilikuwa na jina moja tu, Tim Duncan. Bahati nasibu ikachezeshwa, San Antonio Spurs wakashinda, wakamchukua Duncan na kutwaa naye ubingwa mara 5.

Hapo unaweza kusema Pitino aliponzwa na bahati. Ni kweli, lakini sikiliza kilichofuata. Celtics walipata nafasi ya tatu na ya sita. Ya tatu ikamchukua Chauncey Billups, mchezesha timu kijana. Pitino hakumvumilia hata msimu mmoja. Februari 1998 Billups alikwisha kupelekwa Toronto. Akili ya chuo ilikuwa inafanya kazi: huyu hajaiva, lete mwingine. Chuoni mwingine yupo daima. Mwaka 2004 Billups huyohuyo aliiongoza Detroit Pistons kuwapiga Lakers kwenye fainali, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo. Kocha wake alikuwa nani? Larry Brown, kocha pekee aliyewahi kutwaa ubingwa wa vyuo na ubingwa wa NBA. Pitino alijiuzulu Januari 2001 akiwa ameshinda mechi 102 na kufungwa 146, akarudi chuoni, Louisville.

Hawa wawili waliangushwa na upungufu wa vipaji. Wapo walioangushwa na ukosefu wa utii. Urban Meyer, bingwa wa vyuo mara 3, mara 2 akiwa Florida na mara 1 akiwa Ohio State, alipewa Jacksonville Jaguars mwaka 2021 pamoja na nafasi ya kwanza ya drafti, akamchagua Trevor Lawrence. Kipaji alikuwa nacho. Usiku mmoja, baada ya kufungwa ugenini Cincinnati, hakupanda ndege na wachezaji wake. Alibaki Ohio, na video yake akiwa baa ikazagaa nchi nzima. Desemba akatimuliwa akiwa ameshinda mechi 2 kati ya 13. Bobby Petrino, aliyetoka Louisville kwenda Atlanta Falcons, hakusubiri hata kutimuliwa. Desemba 2007, mechi 3 zikiwa zimebaki, aliwaachia wachezaji barua fupi ya kuwaaga kwenye makabati yao, na usiku wa siku aliyojiuzulu akatambulishwa Arkansas kama kocha mpya. Waliokuwa wakilipwa kuvumilia mateso ya msimu ule walibaki kuumaliza bila yeye.

Sasa msikilizaji makini ataniuliza: mbona wapo waliofaulu? Wapo, na hao ndio wanaotufundisha zaidi. Katika futiboli ya Kimarekani makocha waliotwaa ubingwa wa vyuo na pia Super Bowl ni watatu tu: Jimmy Johnson, Barry Switzer na Pete Carroll. Switzer alikuta kikosi kilichojengwa tayari na Johnson, kwa hiyo tuwatazame wale wawili.

Johnson aliondoka Chuo Kikuu cha Miami akiwa amekwisha kutwaa ubingwa, akaingia Dallas Cowboys mwaka 1989. Msimu wa kwanza: ushindi 1, vipigo 15. Lakini katikati ya balaa hilo, Oktoba, alifanya biashara ambayo makocha wa ligi ile wasingethubutu kuifanya. Alikuwa na nyota mmoja tu, mkimbiaji Herschel Walker. Akamuuza kwa Minnesota Vikings na kupokea wachezaji kadhaa pamoja na nafasi za drafti. Vikings walidhani Johnson anawataka wale wachezaji. Yeye alizitaka zile nafasi, ambazo hatimaye zilifika 8, tatu kati yake za raundi ya kwanza. Nafasi hizo zilimsaidia kumpata Emmitt Smith na wenzake, na Dallas ikawa bingwa wa misimu ya 1992 na 1993. Unaona alichofanya? Alijua kwamba ameacha nyuma wingi wa vipaji, akatafuta tundu kwenye kanuni za ligi, akautengeneza upya wingi uleule. Na alikuwa ametoka chuoni juzi, vijana wote wa drafti anawajua kwa majina. Wengine aliwahi kukaa sebuleni kwao.

Carroll alipita njia ndefu zaidi. Kabla ya chuo alikuwa amekwisha kutimuliwa na klabu mbili za kulipwa, New York Jets na New England Patriots. Pale New England alikalia kiti kilichoachwa na Bill Parcells, na Parcells aliondoka kwa kinyongo kwa sababu hakuachiwa kuchagua wachezaji. Ndiye aliyesema kwamba wakitaka upike chakula cha jioni, angalau wakuruhusu kwenda sokoni. Carroll akapika kwa mboga alizonunuliwa na wengine, akashinda mechi 27 na kufungwa 21, akafukuzwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Southern California, akakaa miaka 9 akiwa mfalme. Seattle Seahawks walipomtaka Januari 2010, hakukubali ukocha mtupu. Alifika akiwa kocha na makamu wa rais wa klabu, na meneja mkuu, John Schneider, akaajiriwa siku chache baada yake, si kabla. Mwaka wa kwanza kikosi kilipinduliwa chini juu. Wakamchukua Richard Sherman katika raundi ya tano ya 2011, kijana ambaye Carroll alimfahamu tangu akiwa mpinzani pale Stanford, na Russell Wilson katika raundi ya tatu ya 2012. Februari 2014 wakawapiga Denver 43 kwa 8 kwenye Super Bowl.

Jim Harbaugh naye alikuwa na dawa yake. Kabla ya kuwa kocha aliicheza NFL kwa misimu 14, kwa hiyo mchezaji wa miaka 31 hakuwa kiumbe kigeni kwake. Alitoka Stanford akaipeleka San Francisco 49ers hadi Super Bowl ya Februari 2013, akafungwa na timu ya kaka yake mwenyewe, John. Halafu yeye na uongozi wakashindwana juu ya nani mwenye sauti. Fahali wawili hawakai zizi moja. Akarudi chuoni Michigan, akatwaa ubingwa Januari 2024, na mwezi huohuo akahamia Los Angeles Chargers. Safari hii meneja mkuu aliajiriwa baada ya kocha. Msimu uliotangulia Chargers walikuwa wameshinda mechi 5. Msimu wa kwanza wa Harbaugh walishinda 11.

Na kwenye kikapu yuko Brad Stevens. Alitoka Butler, chuo kidogo cha Indianapolis alichokifikisha fainali mara mbili mfululizo, 2010 na 2011. Celtics walewale waliounguzwa na Pitino wakamchukua mwaka 2013, akiwa na miaka 36. Hawakumpa urais. Walimpa miaka 6 na subira. Msimu wa kwanza alifungwa mechi 57, na hakuna aliyemgusa, kwa sababu klabu ilikuwa imewauza wazee wake na kukusanya nafasi za drafti, ambazo baadaye zilileta Jaylen Brown na Jayson Tatum. Stevens aliwafundisha, akawafikisha fainali za kanda mara 3, lakini ubingwa haukuja. Mwaka 2021 akaachia kiti cha kocha, akapanda ofisini kuwa mkuu wa masuala ya kikapu, yaani mtu wa kuchagua wachezaji. Mwaka 2024 Celtics wakawa mabingwa. Aliyeyafuatilia mazungumzo haya tangu mwanzo hatashangaa kwamba kombe lilikuja alipoanza kwenda sokoni mwenyewe.

Ukiwaweka hawa pamoja utaona wanalingana kwa jambo moja. Hakuna aliyedhani kwamba anahamisha chuo chake. Mmoja alikubali kufungwa mechi 15, mwingine 57. Mwingine alikwisha kufukuzwa mara mbili, mwingine alikwisha kuwa upande wa wachezaji. Kila mmoja alijua kwamba kule anaanza upya.

Lakini mpaka hapa tumemzungumzia anayeondoka. Tusiwasahau wanaobaki. Larry Brown, niliyemsifu hapo awali, alitwaa ubingwa wa vyuo na Kansas mwaka 1988 na kuondoka kwenda San Antonio mwaka huohuo. Miezi michache baadaye chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaiadhibu Kansas kwa makosa ya usajili ya wakati wake. Mabingwa wakazuiwa hata kushiriki mashindano ya kutetea taji lao. Carroll aliondoka Southern California Januari 2010. Juni chuo kikafungiwa mechi za baada ya msimu kwa miaka 2 na kunyang'anywa nafasi 30 za ufadhili, kwa sababu ya zawadi alizopokea nyota wao, Reggie Bush. Carroll amekanusha kwamba alikimbia adhabu, na sina sababu ya kumwita mwongo. Harbaugh aliondoka Michigan uchunguzi ukiwa mezani, wa kuiba ishara za timu pinzani. Agosti 2025 NCAA ikakitoza chuo faini ya makumi ya mamilioni ya dola, na yeye mwenyewe, ambaye amekana kujua lolote, ikamfungia miaka 10 kwenye michezo ya vyuo. Kifungo hicho hakimzuii kufundisha Chargers hata dakika moja, maana NFL ni nyumba nyingine.

Katika visa viwili vya kwanza waliolipa ni vijana ambao wengi wao hawakuhusika. Waliingia chuo kwa ahadi ya mtu, mtu akaondoka na ahadi yake. Na hadi Aprili 2021, kijana akisema basi na mimi naondoka, kanuni ilimwambia: ukihama utakaa nje mwaka mzima. Kocha hakuwahi kukaa nje hata wiki moja. Nani aliyeona haya? Walioandika kanuni walikuwa wakubwa wa vyuo, na makocha walikuwa watu wao.

Kanuni ile imefutwa. Sasa mchezaji anahama na kucheza mara moja. Tangu Julai 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na tangu Julai 2025, baada ya makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia wachezaji fedha, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Saban alipostaafu Januari 2024 wachezaji wake kadhaa waliondoka ndani ya wiki chache. Mlinzi Caleb Downs alikwenda Ohio State na kutwaa ubingwa huko mwaka uliofuata. Ule mtaji wa pili wa kocha, utii wa mtu asiye na pa kwenda, umeanza kuyeyuka.

Na makocha wamelielewa jambo hilo haraka. Mwanzoni mwa 2024 Jeff Hafley aliacha ukocha mkuu wa Boston College, akaenda kuwa kocha msaidizi wa ulinzi Green Bay Packers. Hebu lipime hilo: mkubwa anaacha ukubwa wake akawe chini ya mwingine, ilimradi ni katika ligi ya kulipwa. Mwaka huohuo Bill Belichick, mwenye vikombe 6 vya Super Bowl kama kocha mkuu, alielekea upande wa pili, akachukua Chuo Kikuu cha North Carolina Desemba 2024. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 4 na kufungwa 8. Kumbe kiti cha ligi ya kulipwa nacho hakihamishiki.

Wapo wanaolia kwamba mabadiliko haya yameua michezo ya vyuo. Mimi naona yamefichua kilichokuwapo. Vyuo vilikuwa biashara tangu zamani. Mwenye mshahara wa soko huria alikuwa mmoja tu, kocha, na wengine wote walicheza kwa karo na chakula. Sasa kocha wa chuo analazimika kumshawishi mchezaji kila mwaka, kuhesabu fedha za kikosi, kuvumiliana na nyota mwenye ofa nyingine mfukoni. Anafanya kazi ya ligi ya kulipwa akiwa hukohuko chuoni, na akihamia juu huenda asishangae kama Meyer alivyoshangaa.

Kwa hiyo, msikilizaji, siku nyingine ukisikia kocha bingwa wa chuo amechukuliwa na ligi kubwa, vikombe vyake viweke kando kwanza. Uliza nani atachagua wachezaji, uliza kama amewahi kuishi na watu wazima wenye mikataba, uliza klabu itamvumilia vipigo vingapi. Majibu ya maswali hayo yatakueleza zaidi kuliko picha za siku ya kutambulishwa.

Kuhusu uaminifu, mimi simlaumu anayeondoka. Kazi ni mkataba, na mkataba una mlango wa kutokea. Ninachodai ni vitu viwili. Mlango ulio wazi kwa kocha uwe wazi kwa mchezaji, na hilo limeanza. Na adhabu imfuate aliyekosa hadi huko alikohamia, badala ya kuachiwa vijana waliobaki kwenye kikosi. Hilo bado, na litabaki hivyo mpaka NFL na NBA zikubali kuheshimu vifungo vya NCAA. Kwa sasa hazina faida yoyote ya kufanya hivyo.